Mama Mbegu Wawili

Mama Chavala alikuja dukani kwangu Mafinga kunishukuru, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sijazoea kushukuriwa. Wateja wangu huja kulalamika: mvua imechelewa, panya wamekula, mbona jirani kavuna zaidi. Huyu aliingia na ndoo ya njegere mbichi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akipiga magoti kidogo.

"Hizi zako, Mama Mbegu. Kwa ule upole wako wa kwenye simu."

"Upole gani?"

"Si ulinipigia ukaniuliza hali ya mguu? Nikakaa pale nalia. Nikasema, kumbe huyu mama ana moyo, tunamsingizia tu."

Moyo ninao, ila sina tabia ya kumpigia mtu simu kumuuliza mguu. Nikiuliza mguu, nauliza umevunjika au unasingizia ili usilime. Nikamwomba aniletee mfuko wa mbegu alizonunua kwa hiyo simu ya upole. Akautoa kwenye kikapu, mmoja ambao alikuwa hajaupanda. Jina langu, Edeltruda Ngonyani. Sura yangu, na kovu la kidevuni. Kushona kwa mdomo wa mfuko kulikuwa kwangu, kule kwa kurudia mara mbili ninakofanya kwa ubishi tu. Kama ungeniwekea mfuko huo rafuni, ningeuuza mwenyewe bila wasiwasi.

Nilichota kiganja cha mahindi yale, nikayapanda kwenye kopo pamoja na punje chache za maharage, nikalichomeka kopo kwenye nguzo ndogo ya dukani. Nikaishika nguzo na kuita.

Mvua zetu zilikuwa zimejifunza udanganyifu. Zinanyesha vizuri, mche unatoka, mkulima anafurahi, halafu jua linakuja kumaliza kila kitu. Ndiyo maana mbegu za siku hizi zina sikio. Zinalala ardhini hata udongo ukilowa chepechepe, mpaka mvua zitulie kweli na mwenye mbegu aje shambani, ashike nguzo, aite. Nguzo inakagua kwanza kama kiganja ni cha mtu hai, kisha inaipeleka sauti ardhini kama mtetemo, na mbegu inayoijua sauti hiyo inaamka. Mbegu ya Edeltruda inaamshwa na Edeltruda, haimjui mwingine.

Zile za kwenye kopo zilinijua. Zikaamka. Nakwambia ukweli, hilo ndilo lililoniuma kuliko sura yangu kuibwa. Siku chache baadaye mizizi ikatoka, na mizizini nikaona nyuzi nyeusi, nyembamba, zikitambaa kwenda kwa maharage. Maharage yakanyauka yakiwa bado hayajapasua ganda. Nikatupa kila kitu, nikapanda mchicha kwenye udongo uleule, na mchicha ambao huota hata juu ya paa ukakataa kuota.

Wezi hawa hawakuwa na nia ya kuua udongo wa mtu. Walikuwa wavivu tu. Ili kuipa mbegu sikio lazima uiloweke kwa usafi wa chumba cha upasuaji, na wao waliziloweka kwenye mapipa machafu mahali fulani, wakiwa na haraka. Nilijaribu mifuko mingine iliyonifikia. Mingine ilikuwa mahindi ya kawaida yaliyopewa sikio la wizi, hayana madhara, yataota na kuzaa kidogo. Mingine ilikuwa na nyuzi. Kwa macho, zote sawa.

Nikaenda kushtaki kwenye ofisi inayohusika. Mashine ya mapokezi ilinisikiliza hadi mwisho, ikanitazama kwa ile taa yake ya kijani, ikaniambia lalamiko limefungwa. Edeltruda Ngonyani alikuwa ameshalalamika mapema kwamba kuna mwanamke anajifanya yeye. Ikanishauri niache.

*

Nilipiga ile namba iliyo kwenye mfuko nikiwa nimeketi juu ya gunia, mlango nimeufunga.

"Mbegu za Ngonyani, Edeltruda hapa. Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti yangu, ila imelala vizuri na haidaiwi na mtu.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Edeltruda, mama. Mwenye duka. Nikusaidie nini?"

"Edeltruda ni mimi."

Kisha ile sauti ikashuka, ikajaa huruma. "Pole sana. Kuna matapeli wanatumia jina langu siku hizi, wanawachanganya watu. Uko salama hapo ulipo? Kuna mtu amekulazimisha kupiga?"

Na mimi, mjinga, nikageuka kutazama kama niko salama. Nilijiona kichaa. Nikaamua kumtega.

"Nilikuwa nakujaribu tu," nikasema kwa sauti nene. "Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Nauliza mbegu."

Ikacheka. Ilicheka kicheko changu kile cha puani ambacho mama yangu alikichukia. "Mhehe! Kumbe pombe ya ulanzi imekwisha ndio umekumbuka jembe?"

Nikakata simu. Huo mzaha ni wangu. Mimi ni Mngoni, na ninaishi kwa Wahehe. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri tutukanane badala ya kuchomana mikuki, na tangu hapo sisi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anakuchukulia kuku wako mchana kweupe, na huna pa kumshtaki. Utani ndio uliokuwa kitambulisho changu kwa wateja. Mwanzoni watu walimtambua tapeli huyo kwa sababu aliwaamkia kwa heshima. Mwenyekiti wa kijiji cha Ihemelo aliwatangazia kabisa: akikusemesha kwa adabu, huyo siye Mama Mbegu, kata simu. Nilicheka niliposikia, nikajiona nimeshinda.

Sasa hicho kitu cha kwenye simu kilikuwa kimejifunza kutania. Maana yake kilikuwa kinasikiliza simu zangu, na sikujua tangu lini. Nikaanza kumhesabia makosa kila mtu aliyewahi kuishika simu yangu: fundi aliyebadilisha kioo, binamu yangu aliyeomba kupiga picha, hata padri aliyeisogeza siku ya kipaimara ili aweke kikombe cha chai. Nilimnunia binamu yangu mpaka akaacha kuja dukani. Hadi leo sijui kama nilimwonea.

*

Ihemelo ndiko mifuko mingi ya bandia ilikokwenda. Watu walinielewa mmoja mmoja. Walikuja dukani, wakanikagua kovu, wengine wakanibonyeza mkono kabisa, kisha wakaenda kufukua mbegu walizonunua kwa yule mwenzangu na kupanda zangu. Akabaki Mzee Kikoti peke yake.

Kikoti ni mtani wangu wa kwanza tangu nifike Mafinga. Nikampigia.

"Halo, mtumwa wangu."

"Mtumwa ni babu yako," akajibu, "aliyekimbia vita akaacha na viatu."

"Mhehe, sikiliza. Mbegu ulizopanda si zangu. Zina sumu. Zifukue zote kabla sijaja kuita."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia akiwahadithia watu waliokuwa karibu naye, nao wakacheka. "Mwaka jana uliniambia umeniuzia mbegu za mabua matupu! Mngoni, buni lingine."

"Mwaka jana nilikutania. Safari hii ni kweli."

"Eee, na safari ile pia ilikuwa kweli."

Nikaona mzaha hautatufikisha. Nikavuta pumzi, nikafanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia. "Shikamoo, baba. Nakuomba unisikilize."

Kicheko kikakatika.

"Wewe ni nani?"

"Ni Edeltruda."

"Edeltruda hajaniamkia tangu nimjue. Na mbegu nilinunua kwake mwenyewe kwa simu hii hii, akanitukana vizuri sana, nikalala usingizi. Wewe tapeli, mtafute mwingine." Akakata.

Nilikaa nikiitazama simu. Nikimtania, ananitambua lakini haamini ninachosema. Nikiacha utani, ninachosema ni kizito lakini si mimi tena. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

*

Mvua zikatulia. Ardhi ikanuka ule unyevu wa kweli ambao mkulima haukosei, na Mwenyekiti, Bi Luhwago, akaniita Ihemelo. Nilimkuta na kijiji chote kwenye mteremko, wamevaa makoti, jua likiwa limejificha nyuma ya mawingu tangu asubuhi.

"Mama Mbegu," akasema, "ita. Mbegu zikilala zaidi ya hapa zinaoza."

"Siwezi kuita na shamba la Kikoti likiwa hivyo."

Shamba lake si kubwa, nusu ekari tu, lakini liko katikati ya mteremko, na mashamba ya wenzake yamelizunguka pande zote. Kuzima nguzo yake hakusaidii kitu, kwa sababu mtetemo wa nguzo za jirani unafika kwake chini kwa chini. Nikiwaitia wengine, na zake zitasikia. Kama zina nyuzi, nyuzi zitashuka na maji hadi bondeni, na mteremko mzima utakuwa kama lile kopo langu. Nisipoita, kijiji kizima hakivuni.

"Mwenyekiti, mwamuru afukue."

Bi Luhwago akakunja mikono. "Nimwamuru mtu aharibu shamba lake kwa neno la nani? Ofisi yenyewe inasema wewe siye wewe."

Kikoti alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Sura ni yake," akawaambia watu, kana kwamba mimi sipo. "Lakini sura siku hizi si kitu. Nitajuaje kama huyu hakutumwa kumharibia yule wa kweli? Anatuharibia mbegu nzima, halafu kesho anakuja kutuuzia zake."

Watu wakanung'unika. Niliona wengine wakirudi nyuma hatua moja. Watu ambao juzi tu walinibonyeza mkono wakaridhika, leo walikuwa wananitazama kama bidhaa iliyopitwa na tarehe.

Nilipaswa kuwaeleza. Nilipaswa kuleta kopo, nyuzi, na maneno marefu. Badala yake nikaona jembe limeegemezwa kwenye mti, na nikakumbuka kwamba mimi ni mtani, na mtani akichukua cha mtani wake, sheria ya mila iko upande wake. Nikalichukua jembe, nikaingia shambani kwa Kikoti, nikaanza kufukua.

Walicheka! Mteremko mzima ulicheka. Wakatoa simu wakanipiga picha. Kikoti mwenyewe alisimama juu ya gogo, akawa ananielekeza: "Chimba, mtumwa wangu! Na kule kwenye kona kuna magugu, usiyasahau!" Nami nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba Mhehe hajawahi kuona shamba lililopaliliwa, leo atajifunza. Shimo baada ya shimo, nikatoa punje na kuzitia kwenye ndoo. Tuta la kwanza likaisha. La pili likaisha. Kufikia tuta la nne vicheko vilikuwa vimepungua, na kufikia la saba nikawa nasikia jembe langu tu.

"Mngoni," Kikoti akasema. "Basi sasa."

Nikaendelea.

"Nimesema basi. Umenitania, nimecheka. Sasa toka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha. Mtani akisema basi kwa sauti ile, unaacha. Nilijua ninachofanya, na sikukipenda. Wale waliiba kwa kutumia uso wangu, na mimi nilikuwa naiba kwa kutumia utani wetu. Mzee wa watu alikuwa anaona chakula chake cha mwaka kinaingia kwenye ndoo, na silaha aliyobaki nayo ilikuwa kuniomba. Na kama mfuko wake ulikuwa ule wa mahindi ya kawaida? Kama hazikuwa na kitu? Mikono ilinipasuka, nikawa nachimba nikilia.

Simu yake ikalia.

Akaitazama. Akaipokea na kuiweka kwenye spika, kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti yangu. "Mimi ni Edeltruda. Nimeona picha kwenye kundi la kijiji. Pole sana, baba yangu. Pole sana kwa kuharibiwa shamba na yule tapeli. Nimeumia mno. Ni msiba huu."

Niliacha kuchimba.

"Unanipa pole?" Kikoti akauliza.

"Kwa moyo wangu wote, baba. Na usihofu, mbegu zako zilikuwa nzima kabisa, nina uhakika. Nitakuletea nyingine leo hii hii, kwa bei ya huruma."

Kikoti aliisogeza simu mbali na uso wake, akaitazama kama mtu aliyekuta wadudu kwenye kiko. "Mke wangu alipokufa," akasema polepole, "Edeltruda alilala kaburini na gauni lake jipya, akazuia jeneza lisishuke mpaka tumpe jogoo. Akasema marehemu ndiye Mhehe pekee aliyekuwa na akili, kwa nini tunamzika huyo na kuniacha mimi. Nilicheka mbele ya maiti ya mke wangu. Sikujua kama naweza kucheka siku ile."

"Alikuwa mama mzuri sana, baba," ikasema simu. "Pole tena."

Akaizima.

Alishuka kwenye gogo, akaja hadi nilipo, akikanyaga matuta niliyoyafumua. Alinitazama karibu sana.

"Edeltruda. Zina sumu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Mifuko yao mingine inayo, mingine haina. Sijui wako ni upi. Kuna njia ya kujua, lakini ni ya siku kadhaa, na mbegu za wenzako hazina siku hizo."

Nyuma yetu mtu mmoja akaguna. Nilidhani Kikoti atanipiga, na ningemruhusu.

"Yule mwenzio ana uhakika," akasema.

"Yule akikosea hutamwona tena. Mimi utaniona hapa kila mwaka."

Alisimama akitazama mashamba ya wenzake, moja baada ya jingine, kisha akanyoosha mkono. Nikadhani ananifukuza. Alitaka jembe. Nikampa, na akaanza kufukua shamba lake mwenyewe, tuta la nane. Bi Luhwago akavua koti akaingia. Kisha wakaingia wote.

Tulipomaliza, ndoo zilizojaa zikakusanywa pamoja. Niliinama nichote kiganja kimoja nikakipime dukani, tujue. Kikoti akanishika mkono.

"Choma zote."

"Hutaki kujua?"

"Kama zilikuwa mbovu, nitajisikia mjinga kwa kununua. Kama zilikuwa nzima, nitakuchukia wewe, na mimi sitaki. Choma."

Zikamwagwa juu ya kuni kavu, zikamiminiwa mafuta ya taa. Zilipasuka kama bisi, na watoto ambao hawakuelewa kitu walifurahia harufu.

Nikaenda kwenye nguzo ya Bi Luhwago, nikaweka kiganja kilichopasuka, nikaita. Nikaita kwenye nguzo ya jirani yake, na ya jirani wa jirani yake, nikizunguka mteremko hadi sauti ikaniisha. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo, ule mtetemo mdogo ambao watu hupenda kuusikia wakiwa wamevua viatu. Walivua viatu wote. Wakasimama kwenye matuta yao, wakitabasamu kwa aibu, maana si vizuri kuifurahia bahati yako mbele ya mtu aliyefiwa.

Kikoti naye alikuwa amevua viatu. Alikuwa katikati ya shamba lake tupu, amefumba macho, anausikia mtetemo wa mbegu za wenzake ukipita chini yake kwenda mbele.

Nilimfuata. Kila mtu alikuwa ananitazama, na nilijua wanangoja nini. Mtani asiyemtania mtani wake msibani ana lake jambo. Sikuwa na hamu hata chembe.

"Mhehe," nikasema. "Waambie mbwa wako wahame. Njaa inakuja, na najua unavyoipenda nyama yao."

Alifumbua macho. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamkunja, kikamketisha chini kwenye matope, na pale chini kikageuka kuwa kitu kingine. Nikakaa matopeni karibu naye, bega kwa bega, nikamwacha alie mpaka alipotosheka.